Kabla ya Mbuzi Kushiba

Huko Turkana, kaskazini magharibi mwa Kenya, mgunga ulioota kando ya mto wa msimu una wenyewe. Majirani wanaitambua familia fulani kuwa ndiyo yenye haki ya kipande fulani cha ukingo, na kiangazi kinapokaza, maganda yanayodondoka chini ya miti ya kipande hicho huokotwa na familia hiyo au na aliyeomba akaruhusiwa. Waturkana wanauita utaratibu huo ekwar. Wengi walioandika juu yake wameutazama kama sheria ya ardhi na miti. Mimi nausoma pia kama mpango wa lishe, uliotungwa na watu wanaolijua tumbo la mbuzi kwa undani.

Ng'ambo ya bahari, katika jangwa la Thar, jimbo la Rajasthan nchini India, wafugaji wamefika karibu na hapo kwa njia yao wenyewe. Mti wao ni khejri. Hupogolewa majira ya baridi, majani yakakaushwa na kuwekwa akiba, na akiba hiyo inaitwa loong. Kichaka chao ni mkunazi mdogo wa mwituni. Hukatwa mvua zikiisha, huanikwa, kisha hupigwa kwa fimbo mpaka majani yapukutike. Majani ndiyo pala, chakula cha mbuzi na kondoo cha miezi mikavu, na matawi ya miiba yanayobaki huzungushiwa shamba kuwa ua. Khejri una heshima kubwa kuliko malisho peke yake: mwaka 1730, katika kijiji cha Khejarli karibu na Jodhpur, watu 363 wa jamii ya Wabishnoi waliuawa wakiikinga miti hiyo isikatwe na watu wa mfalme, na wa kwanza kufa alikuwa mwanamke, Amrita Devi. Walikufa kwa imani yao ya dini, wala sitaki kifo chao kigeuzwe kuwa hesabu ya lishe. Ninachosema ni kwamba katika nchi hizi mbili zilizo mbalimbali, watu wa nchi kame walitazama juu, kwenye mti, walipotaka kumvusha mbuzi mpaka mvua nyingine.

Mapokeo ya tatu yalianzia maabara. Miaka ya 1860, katika kituo cha Weende karibu na mji wa Göttingen, Ujerumani, Wilhelm Henneberg na Friedrich Stohmann walichemsha malisho katika asidi hafifu, kisha katika alkali hafifu, na kilichogoma kuyeyuka wakakiita nyuzinyuzi ghafi. Kipimo hicho kilitawala vitabu vya mifugo kwa miaka mia moja hivi, ingawa kilikuwa na kasoro kubwa: sehemu ya lignini, ile inayoufanya mti uwe mgumu, ilikuwa inayeyuka na kupotea kwenye hesabu, hivyo nyasi iliyokomaa na kuwa kama kijiti ingeweza kuonekana nzuri kuliko ilivyo. Miaka ya 1960 Mmarekani Peter Van Soest alileta mbinu nyingine. Alichemsha malisho kwa saa moja katika maji yenye sabuni. Vilivyomo ndani ya seli za mmea viliyeyuka, ukabaki ukuta wa seli peke yake: selulosi, hemiselulosi na lignini. Leo maabara za lishe ya mifugo duniani kote zinapima nyuzinyuzi kwa njia hiyo au kwa njia zilizotokana nayo.

Mfugaji wa Turkana na wa Thar anauliza: mti gani, mwezi gani, mnyama yupi? Maabara inauliza: asilimia ngapi? Maswali yote mawili ni ya haki. Shida ni kwamba swali la pili ndilo lililochapishwa kwenye majedwali, likafundishwa vyuoni, na kwa muda mrefu likawafanya wataalamu waone nyuzinyuzi kama kijazio cha tumbo, kitu cha kupunguzwa kadiri mfugaji anavyopata pesa za kununua pumba na mahindi.

Nenda machinjioni alfajiri uangalie tumbo kubwa la mbuzi linapopasuliwa. Juu kuna tabaka la majani na vijiti lililoshikamana, ukilivuta linatoka bonge zima. Chini yake kuna uji wa kijani, na chini kabisa maji yenye punje nzito zilizokwisha kulainika. Mvuke unapanda, kwa kuwa joto la humo ni nyuzijoto 39 hivi. Mwaga vyote, suuza, na ukuta wa ndani utakuonyesha vile vinyama vifupi vilivyosimama msongamano, ambavyo wauza supu wa Tanzania wanaviita taulo. Sisi tunaithamini taulo kwa sababu ya supu. Kwa mbuzi, taulo ndiyo mlango ambao sehemu kubwa ya nguvu za mwili wake hupitia.

Waliogundua hivyo walichukua karne nzima. Mwaka 1843 Gruby na Delafond, wakiwa Ufaransa, waliona kwa hadubini wanyama wadogo wakiogelea katika majimaji ya tumbo la wanyama wanaocheua. Miaka ya 1880 Mjerumani Tappeiner alionyesha kwamba selulosi huchachushwa humo na kutoa asidi. Mwaka 1944 Barcroft na wenzake wa Cambridge walithibitisha, kwa kutumia kondoo, kwamba asidi hizo hunyonywa na ukuta wa tumbo zikaingia kwenye damu. Kisha akaja Robert Hungate, Mmarekani aliyefaulu kuotesha bakteria wa tumbo hilo katika mirija isiyo na hewa, maana hewa ya kawaida huwaua. Kitabu chake cha mwaka 1966 bado ni msingi wa fani hii. Mwaka 1975 Mwingereza Colin Orpin akaongeza jambo ambalo wengi walilikataa mwanzoni: humo ndani mna pia kuvu wanaoishi bila oksijeni, na mizizi yao hupenya na kupasua nyuzi ngumu ambazo bakteria hawaziwezi.

Katika kila mililita ya majimaji hayo mna bakteria zaidi ya bilioni 10. Wachache kati yao ndio wavunjaji wa nyuzi. Fibrobacter succinogenes na jamaa zake wa jenasi ya Ruminococcus hujibandika kwenye kipande cha jani na kuikata selulosi kwa vimeng'enya ambavyo mbuzi mwenyewe hana. Mabaki ya mlo wao ni asidi fupi za mafuta, yaani asetati, propionati na butirati, na hizo ndizo zinazompa mbuzi kiasi cha asilimia 70 ya nishati yake. Hatimaye bakteria wenyewe husombwa kwenda tumbo la nne, wakasagwa, wakawa protini. Kwa hiyo nyama anayoongeza mwanambuzi aliyeachishwa kunyonya, kwa sehemu kubwa, imetokana na miili ya bakteria. Mtu akiniuliza mbuzi wake anahitaji nini ili akue, nitamjibu kwanza kwa niaba ya hao.

Tuanze na mtoto. Mwanambuzi anapozaliwa, tumbo kubwa ni dogo na halifanyi kazi. Maziwa hupitia mfereji maalumu na kwenda moja kwa moja tumbo la nne, ambalo ndilo kubwa wakati huo. Bakteria wa kwanza anawapata kwa mama, kwa kulambwa, kwa kunyonya, kwa kunusa na kuonja alichoacha mama. Ufugaji wa kisasa wa Ulaya na Marekani mara nyingi humtenga mwanambuzi mapema, ukampa maziwa kwa chupa na chakula cha nafaka cha kuanzia. Una sababu nzuri: yapo magonjwa anayoepushwa nayo, na wanga wa nafaka huzalisha butirati kwa wingi, ambayo ndiyo inayochochea taulo kuota. Wafugaji wetu wa asili humwacha na mama usiku, na mchana anabaki nyumbani na majani laini ya kujifunzia kula. Hiyo nayo ina sababu: jani halioteshi taulo haraka kama nafaka, lakini linapanua tumbo, linaimarisha misuli yake na kumfundisha kucheua, na kukaa na mama kunampa bakteria walewale wanaoweza miti ya mahali pale. Kwa maoni yangu hapa hakuna haja ya kuchagua upande mmoja. Kikonzi cha pumba kwa mwanambuzi anayelala na mama yake na kushinda na majani kinampa vyote viwili.

Akishakua, mapokeo yanaachana zaidi. Anayenenepesha mbuzi kwa ajili ya soko anataka kilo, na nafaka inaleta kilo. Bakteria wanaokula wanga huongezeka upesi mno na kutoa propionati, inayogeuzwa sukari ya damu kwenye ini, na mnyama anakua. Lakini wanga ukizidi, uchachu unapanda kuliko taulo inavyoweza kunyonya. Kipimo cha pH kikishuka chini ya 6, wavunjaji wa nyuzi wanaanza kudhoofika, na kikishuka zaidi wanafuata wengine, wanabaki wanaovumilia asidi, na asidi ya lakti inajikusanya. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Nanjing, China, nchi yenye mbuzi wengi na ufugaji wa mabandani unaopanuka, wameonyesha kwa mbuzi waliopewa nafaka nyingi kwamba aina za bakteria hupungua, ukuta wa tumbo huchubuka, na sumu za bakteria waliokufa huongezeka tumboni. Mfugaji haoni lolote la hayo. Anaona mbuzi aliyekula vizuri juzi leo anasuasua mbele ya kihori, kinyesi kimelegea, na wiki kadhaa baadaye kwato zinauma.

Maabara ilipokubali kwamba nyuzinyuzi ni hitaji, iliweka kima cha chini. Mapitio ya Christopher Lu na wenzake ya mwaka 2005 yalipendekeza kwamba mbuzi wa maziwa anayetoa kwa wingi apate asilimia 41 ya chakula chake kikavu kama ukuta wa seli. Ni namba yenye faida, na ningependa kila anayefuga mbuzi wa kizungu bandani aijue. Lakini namba haisemi kitu kuhusu urefu wa uzi. Majani yaliyosagwa unga yana asilimia ileile, ila hayamfanyi mbuzi acheue, na asipocheua hatoi mate. Mate ndiyo yanayobeba baikaboneti ya kuzimua asidi. Hapo mapokeo mengine yanaisaidia maabara: Uchagani mifugo ya bandani hulishwa nyasi na sehemu za mgomba zilizokatwakatwa, si kusagwa, na hupewa magadi. Watu walimpa mnyama magadi kwa sababu anayapenda na anakula vizuri akiyapata. Kikemia ni sodiamu kaboneti na baikaboneti, jamaa wa kilekile kilichomo kwenye mate.

Nisiyapambe mapokeo yetu kupita kiasi, maana yana jeraha lake, nalo ni kiangazi. Mwezi Septemba katika nchi kavu ya Dodoma mbuzi anarudi na tumbo lililojaa, na bado anakonda. Nyuzi zimo tele. Kinachokosekana ni nitrojeni. Malisho yakishuka chini ya kiasi cha asilimia 7 ya protini ghafi, bakteria hawana cha kujengea miili yao, wanapungua, nyuzi zinakaa tumboni muda mrefu bila kuvunjwa, na mnyama anaacha kula kwa kuwa tumbo halijapata nafasi. Ameshiba na ana njaa kwa wakati mmoja. Ndiyo maana ekwar na loong vinanivutia kuliko malisho ya kuzunguka tu. Maganda ya mgunga yana protini maradufu ya nyasi kavu, au zaidi, na majani ya khejri na mkunazi vilevile yanazipita nyasi kwa mbali. Konzi chache za maganda hazimshibishi mbuzi. Zinawalisha bakteria ili waweze kuzivunja nyasi ambazo tayari zimo. Waliofuata njia ya maabara walilifikia hilohilo kwa yurea: kulowanisha mabua kwa maji ya yurea, kuyafunika wiki kadhaa, na kuyatoa yakiwa laini na yenye nitrojeni. Inafanya kazi, ila inataka turubai, maji na pesa ya yurea, na mgunga unataka tu usikatwe.

Hata mbuzi wenyewe si sawa mbele ya nyuzi zilezile. Nir Silanikove, mtafiti wa Israeli, aliwalinganisha mbuzi weusi wa Mabedui wa Negev na Sinai na Saanen wa asili ya Uswisi. Kwa chakula kizuri tofauti ilikuwa ndogo. Kwa malisho duni mbuzi wa jangwani alipata zaidi, kwa kuwa anakaa nayo tumboni kwa muda na anarudisha yurea ya damu tumboni kuwalisha bakteria badala ya kuimwaga kwenye mkojo. Anayemleta Saanen kwetu na kumlisha kama mbuzi wa kienyeji anamdhulumu.

Na ni hapa Afrika Mashariki ndipo maabara ilipojifunza kutazama kinywa kabla ya tumbo. Mjerumani Reinhold Hofmann, akifanya kazi Nairobi, alipasua matumbo ya wanyamapori wetu mmoja baada ya mwingine, na mwaka 1973 East African Literature Bureau ikachapisha kitabu chake. Aliwapanga: dikidiki na twiga wachaguzi wa majani laini, nyumbu na nyati walaji wa nyasi, na katikati wanaobadilika kwa msimu, kama swala pala. Mbuzi akamweka katikati. Baadaye wengine walimpinga wakisema ukubwa wa mwili unaeleza mengi aliyoyahusisha na aina ya chakula, na hoja zao zina uzito. Lakini mtazame mbuzi kwenye kichaka cha miiba: mdomo wa juu unaocheza kama kidole, unapita kati ya miiba miwili, unachuma jani moja, unaliacha la pili, anasimama kwa miguu ya nyuma kufikia chipukizi. Anachagua nyuzi zake mwenyewe. Bandani tumemnyang'anya uchaguzi huo, hivyo ni juu yetu kumrudishia kwa kumfungia matawi ya aina mbalimbali juu, asirundikiwe aina moja chini.

Uchaguzi nao una mipaka. Mathenge, mti ulio jamaa wa khejri lakini wenye asili ya Amerika, uliletwa Baringo miaka ya 1980 kuzuia jangwa, ukasambaa mpaka kuziba malisho. Maganda yake ni matamu. Mbuzi waliyala mazima, mengi, kila siku, sukari na masalio yakakwama kwenye meno, meno yakaoza na kung'oka, na mbuzi asiye na meno hasagi nyuzi za kuwapelekea bakteria. Jamii ya Ilchamus iliishtaki serikali ya Kenya mwaka 2006, na mbuzi kibogoyo akafikishwa mahakamani kama ushahidi. Rajasthan nao wana mti huohuo wa kigeni, na India ndiko majaribio mengi ya kuyasaga maganda na kuyachanganya na malisho mengine yamefanyika.

Liko jambo moja ambamo mapokeo ya zamani na ya leo yamekutana uso kwa uso. Sweden ya karne ya 18 waliandika dawa ya mnyama aliyeacha kucheua: chukua bonge la cheu kutoka kinywani mwa mnyama mzima, umlishe mgonjwa. Hawakuwa wanajua bakteria. Miaka zaidi ya 200 baadaye, Raymond Jones wa Australia alishangazwa na lusina, mti wenye majani yenye protini nyingi unaoota pia kwetu. Wanyama wa Australia waliokula lusina kwa wingi walidumaa na kunyonyoka nywele, kwa sababu ya mimosini iliyomo na zao lake linalovuruga tezi ya shingo. Mbuzi wa Hawaii waliila wakanawiri. Jones alidhani tofauti imo tumboni. Majimaji ya tumbo la mbuzi wa Indonesia, kisha bakteria kutoka kwa mbuzi wa Hawaii, yalihamishiwa kwa wanyama wa Australia, nao wakaacha kudhurika. Bakteria huyo alipewa jina lake mwaka 1992: Synergistes jonesii. Australia ilipata pia mwingine, Streptococcus caprinus, kwa mbuzi wa porini waliozoea majani ya mgunga yaliyojaa tanini. Wote wawili ni kazi ya mbuzi waliokuwa wakila miti yao vizazi na vizazi kabla ya mtafiti kufika.

Jimbo la Queensland, Australia, limekuwa likiotesha bakteria wa lusina katika matangi na kuwapa wafugaji. Hata hivyo utafiti wa karibuni, hasa uliofanyika Indonesia, unaonyesha kwamba ini la mnyama aliyezoeshwa polepole nalo huidhibiti sumu, na kwamba pengine bakteria hao wameenea kuliko ilivyodhaniwa. Mfugaji wa Mgeta au wa Meru mwenye lusina au kaliandra kwenye kingo za matuta hana haja ya kusubiri ubishi huo uishe. Aanze na matawi machache, aongeze kwa muda wa wiki mbili au tatu, asizidishe theluthi ya chakula cha siku, na iliyobaki iwe matete na majani mengine marefu yasiyosagwa, huku mbuzi mgeni akifungwa banda moja na wale waliokwisha kuizoea.